Mate ya Mwenye Nyumba

Mimi ni mfupi. Kwenye picha za harusi, mpiga picha huniomba nisogee mbele kabisa, akidhani ananiheshimu. Pengine ndiyo maana niliishia kwenye kazi ya kutabiri urefu wa watu kutokana na DNA. Unachukua vijisehemu vingi vya urithi, kila kimoja unakipa uzito wake, cha kuongeza au cha kupunguza, kisha unajumlisha. Shida ni kwamba uzito wenyewe ulikokotolewa kwa watu wa Ulaya. Kwa sisi wa Kitengela hesabu hubahatisha tu. Hilo nawaonya wengine kila wiki, lakini mganga hajigangi.

Mwanangu alipoanza kukimbia, nilitamani sana kujua kama ataukwepa ufupi wangu. Nikaleta nyumbani kichupa cha kuwekea mate ya kupima DNA. Mtoto ambaye hulowesha kila mto wa kochi kwa mate, siku hiyo aliubana mdomo. Nikatoka nje kupokea simu. Niliporudi, kichupa kilikuwa kimejaa, na mwenye nyumba wetu, mzee wa Kimaasai ambaye huinama kupita mlangoni petu, alikuwa akiaga.

"Mzee ametusaidia," mke wangu alisema.

Nikamshukuru mzee kwa kumbembeleza mtoto.

Majibu yakatoka: mrefu, tena mrefu hasa. Niliimba ofisini. Nilimpigia mama yangu Kakamega, akauliza kama mtoto ni mahindi. Kisha nikafanya ukaguzi wa kawaida, nikalinganisha sampuli ya mtoto na yangu. Kompyuta ikasema hatuna undugu wowote.

Niliogopa. Usiku ule nyumbani niliogopa kumpoteza yule mtoto aliyekuwa amelala mbele yangu na soksi moja mguuni. Mtu wa takwimu huanza kwa kuuliza kama sampuli ni safi. Mimi nilianza kuwapima kwa macho wanaume warefu wa mtaa: mchungaji, fundi wa mabomba, muuza nyama. Muuza nyama nilimnunia mpaka akaniongezea kipande.

Mwishowe mke wangu akaniuliza nina nini. Nikamweleza kitaalamu, nikitaja uwezekano na makosa ya makadirio.

"Sema Kiswahili."

Nikasema.

Akacheka mpaka akashika meza. "Si nilikuambia mzee ametusaidia? Nilimwambia tunatafuta mate ndio tujue kama mtoto atakuwa mrefu. Akasema, 'Mtoto hawezi kujibariki mwenyewe. Lete hiyo.' Akatema."

Wazee wa Kimaasai hubariki kwa mate. Tangu tuhamie hapa kichwa cha mwanangu na viganja vyake vimetemewa mara nyingi, na mimi husimama kando nikisema asante. Kwa hivyo hesabu yangu haikukosea hata kidogo: ilitabiri kwamba mwenye nyumba ni mrefu.

Nikacheka pia. Yeye akaacha.

"Lakini ulinifikiria hivyo," alisema. "Juu ya kachupa."

Niliona aibu. Kelele zetu zilikuwa zimemwamsha mtoto. Akaja, akanitazama usoni, akaushika mkono wangu, akakifungua kiganja na kutema katikati, vile mzee humfanyia. Mate tele. Kichupa kipya cha kupimia kilikuwa kwenye mkoba wangu, karibu na mguu wa meza.

Nikafumba kiganja.