Amri Moja kwa Kila Gari

Juzi hapa mpakani Malaba, karani wa wakala mmoja wa forodha alikuwa akitutambia sisi madereva wa foleni programu ya kompyuta aliyoiandika kwa Python. Inapitia orodha ya magari moja baada ya jingine, na kila gari inalipatia amri ileile: "Shusha mzigo ukaguliwe."

Mama mmoja kwenye foleni akainua karatasi yake. "Boss, mimi nimebeba mwili wa mzee wangu. Tunaenda kumzika Angurai."

"Mama, kompyuta imesema magari yote."

Tukalishusha jeneza, tukaliweka vumbini kati ya magunia ya simsim. Ndipo karani akaona aibu, akaongeza mstari mmoja: jeneza liachwe. Ilimchukua dakika moja tu.

Kompyuta haina macho, naisamehe. Mimi ninayo, na nililishika jeneza upande wa kichwa, kwa sababu nilitaka foleni isonge.