Mgongo wa Imad

Asmaa binti Obeid alikuwa mchora hina wa Kisauni, na mabibi harusi wa Mwandoni na Mlaleo walikuwa wakimngojea zamu. Aliolewa na Imad, Msudani aliyekuja Mombasa kusomesha Kiarabu, akamfuata kwao Omdurman. Hata mwaka wa pili haujatimia, vita vikaingia mjini.

Nyumba za mtaa zilibomoka moja baada ya moja. Imad, mkewe na mamake, Bi Hadeel, wakajifungia stoo ya nyuma, hata kukohoa wanakohoa ndani ya nguo, maana wenye bunduki walizunguka mchana kutwa. Ukuta wa mle stooni ulikuwa mweupe. Asmaa akatwaa makaa na hina iliyomsalia, akaanza kuchora maua.

"Watu wanakufa, nawe wachora maua?" Bi Hadeel alimnong'oneza kwa hasira.

"Mikono ikikaa bure, mama, nitapiga ukelele."

Baada ya siku mbili tatu mama mkwe akaomba achorewe mlimau wa uani kwao alikozaliwa.

Asubuhi moja Imad alitoka na dumu kutafuta maji. Hakurudi. Siku ya nne jirani yao, Shaza, alikuja mlangoni akasema na Bi Hadeel kwa sauti ya chini. Bi Hadeel aliporudi ndani akasema, "Nichoree mwanangu."

Asmaa hakuwahi kuchora mtu. Uso ulimshinda mara tatu, akaufuta kwa kiganja. Mwisho akamchora kwa nyuma, vile alivyotoka, dumu mkononi, bega la kushoto limeshuka kidogo kama ilivyokuwa desturi yake. Bi Hadeel akauweka mkono juu ya mgongo ule.

"Ndiye," akasema.

Kesho yake akamwambia mkaza mwanawe, "Shaza anaondoka na wanawe. Fuatana nao, urudi kwenu. Mimi nitamngoja Imad."

Asmaa alilia, akabisha, akatolewa kwa kusukumwa. Alifika Kisauni kwa babake amebaki mifupa. Wanawake walipomuuliza kama yuko eda, alijibu, "Sijui kama nimefiwa." Hina hakuishika tena.

Mwezi wa saba tangu arudi, Shaza akampigia simu. Bi Hadeel amefariki, na stoo ile imeanguka, ukuta na vyote.

"Aliniapisha, Asmaa, na sasa hayupo. Imad aliuawa kisimani siku ile ile. Mamake alijua. Alisema ungejua usingetoka, ungekaa eda mle ndani mpaka wakuue."

Asmaa akamwomba babake ampeleke kwa sheikh, apate kukaa eda yake. Sheikh akauliza tarehe, akahesabu kwa vidole.

"Eda huanza siku ya mauti, mwanangu, si siku ya habari. Miezi minne na siku kumi yako ishapita, nawe hukujua."

"Basi nimlie lini, sheikh?"

Mzee Obeid akamshika bintiye mkono, wakarudi nyumbani kwa miguu.