Nyumba ya Watu Hauli

Sisi watoto wa mama yangu tulifunzwa jambo moja kabla hata ya kufunzwa kuomba: nyumba ya watu hauli. Ukikaribishwa, unasema, "Asante, nimeshiba." Kule kwetu Ikonge tulitoka kuchuma chai na matumbo matupu, tukapita kwa jirani ugali ukipakuliwa, na bado tukaapa tumeshiba. Mama akisikia tumekula kwa watu alinuna jioni nzima, na heri angetuchapa. Kwake, mtoto anayekula ovyo anatangaza kwamba kwao hakuna chakula. Mama huyo huyo alitupeleka kanisani kila Sabato tukafunzwa tusiseme uwongo. Alivyoyapatanisha mambo hayo mpaka leo sijui.

Mwaka huu ameugua. Daktari hapa mjini Kisii alimpa dawa za vidonda vya tumbo, akamwonya asikae njaa hata kidogo. Nikamleta kwangu. Tukaandaa meza, mume wangu akaketi, mama akasema ameshiba. Asubuhi ameshiba, mchana ameshiba, na mashavu yanazidi kubonyea. Nikajiuliza, ni ugonjwa? Ni haya ya kula mbele ya mkwe wake? Au nyumba yangu mimi, mtoto wa tumbo lake, nayo ni nyumba ya watu? Hilo la mwisho liliniuma, na sikuthubutu kuliuliza. Nikaishia kumkaripia.

"Mama, unataka kunifia hapa?"

"Nimeshiba tu, mama," akanijibu kwa upole, na nikazidi kuchanganyikiwa.

Wiki hiyo hiyo binti yangu, ambaye bado yuko shule ya msingi, alishinda kwa jirani nikiwa kazini. Alirudi anatetemeka kwa njaa. Jirani aliniambia alimpakulia chakula akakikataa. Nikamuuliza mtoto ni nani amemfunza ujinga huo.

"Si wewe hukataa kila mahali tukienda?"

Sikumbuki hata siku moja nimemketisha nikamfunza. Hasira zote nilizokuwa nazo sikujua zimwendee nani.

Jioni hiyo binti yangu akachukua sahani ya nyanya yake, akamshika mkono, wakaenda kuketi jikoni. Nikasimama mlangoni.

"Nyanya, leo nilisema nimeshiba na nilikuwa na njaa mbaya."

Nilingoja amkanye.

"Ulifanya vizuri," mama akasema, kisha akamega ugali. Wakala pamoja, wamenipa mgongo. Nilifurahi na nikakasirika papo hapo, nisijue niingie au nirudi.

Mwishowe niliingia na sufuria ya mboga. "Nikuongezee, mama?"

"Nimeshiba."

Nikageuka niende zangu. Binti yangu akanivuta leso, akanitazama, akatikisa kichwa. Nikampakulia mama tena bila kumuuliza, naye akala yote.