Hakulia

Wazazi wa wanafunzi walimbatiza jina la Bibi Adabu, na jina likamkaa sawasawa. Miaka kumi na mmoja alilea klabu ya jioni katika chumba cha nyuma cha shule: mkeka, makopo ya rangi, ndoano ishirini za mabegi ukutani. Masomo yakiisha saa nane, watoto wadogo walibaki kwake wakiimba na kuchora mpaka wazazi watoke kazini. Kelele alizivumilia. Utovu wa adabu, thubutu!

"Mgeni akiingia?" huwauliza.

"Shikamoo mjomba! Shikamoo shangazi!"

Kila mwanamume alikuwa mjomba: mlinzi, fundi bomba, hata mkaguzi wa shule. Samaki mkunje angali mbichi, alipenda kusema, na mkono wake wa kukunja haukuwa mwepesi.

Aliyemtoa jasho ni Kidoti, msichana wa miaka mitano, kimo cha ndoo, koo la tarumbeta. Akisogelewa na mtu asiyemjua alipiga yowe mpaka walimu wakachungulia madirishani. Muhula mzima Bibi Adabu alihangaika naye. Kila mgeni alipokuja, alimshika mkono akampeleka mbele: "Mtoto mzuri halii." Asipolia, anabandikwa stika ya nyota kifuani. Hatimaye yowe likakoma. Mama yake hakuambiwa, ashangazwe siku ya wazazi. Bibi Adabu alijiona fundi. Laiti angeona hatari.

Alhamisi moja, saa kumi na robo, akaja mwanamume mwenye shati lililonyooshwa kwa pasi.

"Nimemfuata Kidoti. Mimi ni mjomba wake."

Daftarini mama alikuwa ameandika: Alhamisi, atachukuliwa na mjomba. Jina hakuna, simu hakuna. Na nani amuulize mjomba wa watu jina lake mbele ya watoto? Si ni kumwita mwongo?

Kidoti alisimama akisokota ukingo wa sare.

"Msalimie mjomba," Bibi Adabu alimhimiza.

"Shikamoo, mjomba." Sauti ilikuwa ndogo, na macho yalikuwa kwa mlezi wake, si kwa mgeni. Akabandikwa nyota. Wakatoka.

Nusu saa baadaye akaingia mwanamume mwingine, kofia ya kazi mkononi, anahema.

"Samahani, mama, nimechelewa. Mimi mjomba wake Kidoti."

 Bibi Adabu alimpigia simu mama yake Kidoti, maneno yakimtoka vipande vipande.

"Mjomba yupi?" mama aliuliza. "Mimi nina kaka mmoja tu!"

"Huyo ninaye hapa. Yule mwingine ndiye aliyeondoka naye."

Mama akauliza neno moja tu:

"Alilia?"

"Hapana."

Mama alishusha pumzi ndefu. "Afadhali. Basi ni mtu anayemjua, labda rafiki wa baba yake. Mwanangu namjua, akiguswa na mgeni mtaa mzima unasikia. Tusikimbilie polisi, ngoja nimuulize baba yake akitoka kazini."

Mjomba wa kweli alikuwa ameshatoka mbio kwenda kumuuliza mlinzi. Bibi Adabu alibaki na simu sikioni. Angeweza kunyamaza, aliogopa, tena sana, na neno "afadhali" lilikuwa tamu hata kwake.

"Mama Kidoti, usingoje. Wapigie polisi sasa hivi," alisema. "Kulia nilimwachisha mimi."