Mwenye Baiskeli Aliyechelewa Kila Mahali

Mchukuzi mmoja wa kahawa aliyeshuka Bukoba kutoka Karagwe alitua mzigo wake mbele ya nyumba ninayokaa, akaomba maji, akanywa, akanisalimu kwa urefu kama tulivyozoea kwetu: nyumba, ng'ombe, migomba, watoto. Salamu zilipokwisha ndipo akaniambia kwamba yule Mwungwana wa Ihanda mwenye baiskeli amefariki. Homa ilimshika siku nne, ya tano hakuamka, na kabla jua halijageuka walikuwa wamekwisha kumzika nyuma ya kibanja chake cha migomba, kwa maana dini yake haipendi maiti angoje. Mchukuzi aliniuliza kama nilimjua. Nikasema nilimjua. Akajitwisha mzigo, akaendelea na safari yake, nami nikabaki nimeshika kata ya maji, nisijue pa kuiweka.

Wengi mnaosoma safu hii hamkupata kumwona, na hata mngemwona msingegeuka mara mbili. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye masikio makubwa na sauti ya chini. Baba yake alikuja na misafara ya pwani siku zile Kafuro ilipokuwa kituo cha wafanyabiashara, akaoa Mnyambo, mwanamke wa kwetu Karagwe, akasahau kurudi. Mtoto alirithi kwa baba sala tano na Kiswahili, na kwa mama akarithi kila kitu kingine. Aliuza nguo, chumvi, shanga na sindano. Watu walimwita Mwungwana kama wanavyowaita wote wa asili ya pwani, lakini yeye walimwita hivyo kwa kutabasamu kidogo, kama jina la mtoto wa nyumbani. Mimi nilizaliwa Nyabiyonza, na Kiswahili hiki ninachowaandikia nilikipata katika kibaraza cha duka lake. Hakunifundisha kwa kitabu. Nilipotumwa sindano, alikataa kunipa mpaka niseme nani anaitaka, ya kushonea nini, na nguo hiyo ilichanikaje. Nikifika mwisho alikuwa akisema, sasa nimeiona nguo yenyewe, chukua. Nadhani kazi yangu ya kuandika ilianzia pale, katika nguo zilizochanika za mama yangu.

Baiskeli aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ilipandishwa kutoka Bukoba vichwani mwa wachukuzi, na ilipofika Ihanda watu waliizunguka wakitafuta mahali inapolishwa. Akajifunza kuipanda katika rweya, ile nchi ya majani matupu iliyo kati ya vijiji vyetu, kanzu ameifunga kiunoni na miguu yake kama vijiti ikionekana hadi magotini, na wanawake waliokuwa wakikata nyasi walikaa chini kwa kucheka. Alipoimudu alianza kwenda nayo Nyabiyonza na hata Kaisho kuuza bidhaa zake. Na hapo ndipo matatizo yalipoanza, kwa sababu njia zetu, zikiisha kuingia kwenye migomba, zina upana wa mtu mmoja. Mkikutana ndani yake hamna budi kusimama, mdogo apishe, msalimiane mpaka kila mmoja ajue mwenzake ameamkaje. Anayepita bila salamu ana neno moyoni juu yako. Sasa Mwungwana akawa anakuja kwa kasi, anapiga kengele, watu wanarukia kwenye migomba, naye ameshapita. Haikupita miezi miwili, wanawake watatu, kila mmoja kwa siku yake, wakaja kwa mkewe kuuliza kwa unyenyekevu wamemkosea nini mumewe.

Yeye alilichukulia jambo hilo kama mchezo. Alisema kengele ndiyo salamu ya baiskeli, na watu wataizoea. Ndivyo alivyokuwa akisema mpaka siku ya yule mzee wa Nyabiyonza.

Siku ile nilikuwa nikitembea kuelekea Ihanda, na mbele yangu, hatua kama kumi, alikuwa mzee jirani yetu, kichwani amejitwika kibuyu kikubwa cha lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, mdomo wa kibuyu umezibwa kwa majani. Nilisikia kengele nyuma yangu, nikarukia pembeni kama nilivyozoea. Mzee alikuwa hajapata kuisikia maishani mwake. Alisimama katikati ya njia na kugeuka kuona ni ndege gani huyo, Mwungwana akaivuta baiskeli kwenye migomba, akaanguka nayo, na kibuyu kikateleza. Nakumbuka sauti yake kilipopasuka, na harufu tamu iliyojaa njia yote. Nakumbuka pia kwamba nilicheka. Nilikuwa kijana, na mtu mwenye kanzu alikuwa amelala miguu juu katika majani ya migomba.

Mzee hakukasirika. Aliketi kando ya vigae vyake, akafunika uso kwa viganja. Mwungwana alijikusanya, akaomba radhi, akafungua furushi lake na kumpa shuka jipya kuwa fidia. Mzee alilitazama lile shuka bila kuligusa. Akasema, "Nguo hainyweki, mwanangu."

Ndipo alipotueleza. Mke wa mwanawe alikuwa amerudi kwa wazazi wake Ihanda baada ya ugomvi, amekwenda na mtoto mchanga mgongoni. Kwa desturi yetu baba wa mume ndiye huenda kuomba msamaha, naye huenda na lubisi, ili pande mbili zinywe pamoja kabla neno halijasemwa. Siku ilikuwa imekwisha kupangwa, nayo ilikuwa leo hiyo. Kufika mikono mitupu kungekuwa dharau. Kurudi nyumbani, kuivisha ndizi nyingine, kuzikamua na kungoja zichachuke, kungechukua siku nyingi, na wakwe walikwisha sema kwamba siku hii ikipita binti yao hatarudi tena. Mjukuu alikuwa ameanza kusimama, akasema mzee, na huko nyumbani hakuna aliyemwona akisimama.

Mwungwana alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akinisikiliza mimi nikieleza habari za sindano. Kisha akauliza nani amekamua ndizi karibuni. Nikamwambia ng'ambo ya rweya yuko mtu aliyekuwa na lubisi ya kumalizia msiba. Akapanda baiskeli, akaondoka. Mzee nami tukabaki pale, na mzee akaniuliza kama ni kweli Mwungwana yule ni Mwislamu. Nikasema ni kweli. Akatikisa kichwa, akasema basi hatarudi.

Kilichotokea huko ng'ambo nilikuja kukisikia baadaye kwa watu waliokuwepo, maana kilisimuliwa kwa miaka. Mwungwana aliingia uani kwa watu wanaokunywa, akaomba lubisi. Wakamuuliza kama imamu wake anayo habari. Mmoja akampisha kigoda na kumkabidhi mrija, mwingine akasema afadhali, sasa ataacha kupiga kengele maana mlevi huimba. Alivumilia yote. Alipoeleza shida ya mzee, kicheko kilikatika, na mwenye nyumba akamjazia kibuyu bila kutaka chochote. Lakini kibuyu kilichojaa hakikai juu ya baiskeli. Tulimwona akitokea juu ya rweya akitembea, mkono mmoja unaisukuma baiskeli, mwingine umeshika kibuyu kichwani, juu ya kofia yake nyeupe, na lubisi imemchirizikia mpaka shingoni.

Tulikwenda pamoja hadi kwa wakwe, mzee mbele, Mwungwana nyuma yake, nami mwisho nikiisukuma baiskeli, kwa sababu mikono yake yote miwili sasa ilikuwa kwenye kibuyu. Tulikaribishwa ndani. Baba wa binti alivuta mrija mara moja, akautoa mdomoni, akamtazama mzee wetu.

"Hii si ya ndizi zako," akasema.

Mzee aliinamisha kichwa. Nilijua kama wote tulivyojua kwamba neno moja baya litafunga mlango ule. Mwungwana akasimama, akamwita Tata, yaani baba, kama tunavyowaita wazee wetu.

"Yake nimeimwaga mimi, Tata. Nimempigia kengele mgongoni kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Alitoka kwake mapema na alitoka na chake. Usimhesabie yeye kosa langu."

"Na wewe unakunywa hii?"

"Sinywi."

"Lakini umeibeba."

"Nimeibeba."

Baba wa binti alimtazama kwa muda, kanzu yake iliyolowa na kofia yake iliyogeuka rangi. Kisha akawageukia ndugu zake, akasema kwamba mtu amebeba kichwani kitu asichoweza kukinywa, kwa ajili ya mzee asiyemjua, na wao waliounganishwa na mtoto wanakaa hapa kuonja ndizi ni za nani. Akampa mzee mrija. Mwungwana yeye aliletewa buni za kutafuna, zile tunazompa mgeni tunayemtaka arudi, akazipokea kwa mikono miwili. Na nyuma ya ukuta wa matete nikasikia mkeka ukikunjwa, binti akijiandaa kurudi kwa mumewe.

Tangu siku hiyo kengele ile aliifunga kwa kitambaa isilie tena, na akawa anashuka. Akiona mtu njiani, hatua ishirini kabla hajamfikia, alishuka, akaiegemeza baiskeli kwenye mgomba, akamsalimu mpaka salamu ziishe, akampisha, ndipo akaendelea. Katika vibanja vya Ihanda na Nyabiyonza watu hawakosekani njiani, kwa hiyo alikuwa hapandi kabla hajashuka tena. Alichelewa kila mahali. Kaisho wateja walimtania kwamba mbuzi aliyeondoka Ihanda pamoja naye alifika jana. Siku moja nilimuuliza, kwa kejeli ya kijana aliyekwisha kuiona Bukoba, baiskeli ina faida gani kwa mtu anayetembea nayo kama mke wa pili. Alikuwa akipima chumvi, hakuinua macho.

"Kule rweya hakuna mtu," alisema. "Kule napanda mpaka kanzu inajaa upepo. Unanionea huruma ya bure."

Nimemkumbuka sana mwaka huu hapa Bukoba. Barabara zinapanuliwa, na baiskeli zimekuwa nyingi. Makarani wanazo, walimu wanazo, na wapo watu wanaokopa nguo ili wakae juu yake vizuri. Kila asubuhi nasikia kengele, na kila asubuhi naona akina mama wenye mikungu ya ndizi vichwani wakishuka mtaroni. Wenzangu barazani hujadili nani ana haki ya njia, anayekwenda upesi au anayekwenda kwa miguu, na wengine husema waendao kwa miguu wapewe ukingo wao, wakae huko. Sina ugomvi na upesi. Mimi mwenyewe naipenda baiskeli kuliko ninavyothubutu kuandika. Ila njia hizi zilichimbwa na nyayo, za watu walewale tunaowapigia kengele, nao hawakuzichimba ili wafike tu. Walizichimba ili wakutane. Sisi ni wageni katika njia zao, na kwetu mgeni ndiye anayeanza kusalimu.

Niliomba baiskeli kwa rafiki yangu karani, nikaenda Ihanda kwa ajili ya arobaini yake. Siku ya tatu ya safari nilikuwa nimechelewa. Kisomo kilikuwa kianze asubuhi, na jua lilikuwa limepanda nilipoingia kwenye migomba. Mbele yangu alikuwa mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani, anakwenda upande uleule ninaokwenda. Kidole changu kilikuwa juu ya kengele, nakiri. Lakini yeye aliposikia gurudumu likikwaruza majani makavu hakuruka pembeni. Alisimama. Akaushika mkungu kwa mkono mmoja, akageuka pole pole, uso wake umekwisha kuwa tayari kwa salamu, kama mtu anayejua vizuri nani anakuja. Kisha akaniona mimi, akakumbuka. Alikuwa yule mkwe wa mzee wetu wa Nyabiyonza, aliyekunjiwa mkeka siku ile, na ndizi zile alikuwa akiwapelekea wafiwa.

Nilishuka. Tulisalimiana mpaka mwisho. Aliniambia mkwewe yu hai, ila miguu imemwishia, ndiyo maana amemtuma yeye, na kwamba mtoto wake sasa ni mkubwa, anakimbizana na mbuzi kutwa kiasi cha kumchosha. Nikauchukua mkungu, nikaufunga juu ya baiskeli, nikaisukuma, tukatembea tukizungumza, na kila tuliyekutana naye tulisimama. Tulipofika uani dua ilikuwa imekwisha na watu wanakunja majamvi. Hakuna aliyenilaumu. Mjane, ambaye bado yuko eda, alinisalimu kutoka nyuma ya pazia, akauliza nimekuja na nini. Nikasema nimekuja na baiskeli, na nimechelewa, anisamehe. Alipojibu, ndani ya sauti yake kilikuwamo kicheko, na machozi.

"Basi umepita njia yake," alisema.

Kwa hiyo nawaomba, ninyi wasomaji wangu mlio na baiskeli, hapa Bukoba na kokote mlipo: mkimwona mtu mbele yenu, shukeni. Rweya ni pana. Mtapanda huko.