Moshi Mweupe Njia ya Kiwangwa

Msabaha wa Husseni alijifunza magari jeshini, wakati wa vita, huko Uhabeshi. Aliporudi Bagamoyo alipata gari kuukuu, akawa anachukua abiria wa Msata na Lugoba. Mtu akimlalamikia kwamba gari lake linagonga, Msabaha alisikiliza akiwa ameketi barazani pake, akautaja ugonjwa hata kabla hajainuka. Watu walimsifu, na sifa zile zikamwingia.

Asubuhi moja ya kiangazi, mwaka 1954, Mwanahija alimkuta Lugoba. Mwanamke huyu aliolewa huko, lakini kwao ni Bagamoyo, na alfajiri ile aliletewa habari kwamba mama yake, Bi Mina, yu hoi.

"Shikamoo, kaka. Nifikishe nimwone angali ananitambua."

"Marahaba. Ingia, dada. Adhuhuri utaisali nyumbani kwa mama."

Msata walipita salama. Walipokaribia Kiwangwa, nyuma ya gari ukafumka moshi mweupe, mzito, ukaifunika njia yote. Injini ikakohoa mara mbili, ikazimika. Msabaha akashuka, akapiga hendeli mpaka shati likamganda mgongoni. Wapi! Akafungua plagi, akazikuta zimelowa.

"Petroli imezidi," akasema. "Nasafisha kabureta, tunaondoka."

Mwanahija akaokota plagi moja, akainusa. "Mbona hainuki petroli, kaka? Haya si maji?"

"Mambo ya injini niachie mimi, dada yangu."

Naye alijua. Jeshini walimfundisha siku ya kwanza kabisa: moshi mweusi ni petroli, wa buluu ni oili, mweupe ni maji. Lakini wiki mbili nyuma alikifungua kichwa cha injini kwa mikono yake, akairudisha gasketi ile ile ya kuzuia maji yasiingie ndani, nayo imechakaa, akijiambia itafaa. Kuyakubali maji kulikuwa kuikubali gasketi ile, tena mbele ya abiria wake.

Kabureta lilikuwa bado mikononi mwake lilipotokea lori la mkonge. Dereva wake, Ausi, akasimama.

"Hapa mbele pana nafasi ya mtu mmoja. Nimchukue dada nimfikishe Bagamoyo?"

Mwanahija alikwisha kuinua kifurushi chake.

"Dakika kumi tu," Msabaha akasema. "Wewe nenda, Ausi, tutakupita njiani."

Mwanahija akamtazama Ausi, akamtazama Msabaha, fundi anayesifiwa mji mzima. Akakirudisha kifurushi garini. Lori likaondoka.

Kabureta lilisafishwa, likarudishwa, likafunguliwa tena. Jua lilipokuwa utosini ndipo Msabaha alipofungua rejeta, akaikuta kavu. Akaomba maji nyumba ya jirani, akajaza, akapiga hendeli huku plagi zikiwa nje. Maji yakaruka kwenye matundu ya plagi, yakamrukia kifuani. Mwanahija aliona.

Gari jingine halikupita. Msabaha akaazima baiskeli, akampakia nyuma, akaendesha mchanga kwa mchanga, na penye mchanga mwingi wakashuka wakakokota. Waliingia Bagamoyo magharibi. Bi Adija, mama yake mdogo Mwanahija, aliwapokea mlangoni akilia.

"Mama yako alikuwa akikuita mpaka adhuhuri, mwanangu. Tumemzika baada ya alasiri."

Lori la Ausi lilikuwa limefika kabla ya saa sita.

Siku ya tatu, hitima ilipokwisha, Msabaha alimwendea Mwanahija uani.

"Dada, nimekuja kukuomba radhi. Ilikuwa kudra ya Mungu, lakini..."

"Nimekusamehe," Mwanahija akamkata. "Ila usiniambie kudra. Kufa kwa mama ni kudra. Lori lile ulilikataa wewe."

Msabaha akaaga, akatoka. Hakuchukua abiria tena. Alifungua kibanda cha ufundi, na mwenye gari alipoanza kueleza, yeye alinyamaza mpaka mwenzake amalize, hata akieleza upuuzi. Watu walidhani uzee unamwingia mapema.

Alikutana na Mwanahija mara moja tu baadaye, sokoni. Mwanahija akamwamkia vizuri, akamwuliza habari za mkewe na watoto, moja moja, kwa adabu. Msabaha alikuwa na maneno aliyoyapanga kwa miaka miwili. Alipoyapata mdomoni, Mwanahija alikwisha kugeukia kapu la dagaa, akiuliza kama ni wa leo.