Siku Iliponywewa Mbege ya Ukwe

Enzi zetu kule Masama, enzi za sabufa ya kuazima, sherehe haikuwa na kadi. Migomba haizuii sauti, kwa hiyo kila aliyesikia muziki alijihesabu kuwa amealikwa. Ninyi mliokua nami mnajua. Mnajua pia jina nililopewa mwaka ule, Disko, na baadhi yenu ndio mlilisambaza. Leo nami niseme, ingawa naandika polepole na shule yangu iliishia darasa la saba.

Tulikuwa tumemaliza mtihani wa mwisho. Mimi nilikuwa yule msichana ambaye akiulizwa swali darasani anatazama vidole vya miguu. Sikuwahi kumwalika mtu nyumbani. Jumamosi ile baba na mama walikwenda mnadani Sanya Juu kutafuta mbuzi wa kupeleka ukweni, maana kaka yangu Elia alikuwa anaposa. Nikawaambia wasichana watano waje tuchome ndizi, tucheze kidogo. Binamu yangu Frenki akaja na sabufa kutoka Pasua, ameiviringisha kwenye kanga kama mtoto mgonjwa.

Mama alikuwa ameniachia neno moja tu: "Pipa usiguse." Lilikaa jikoni, limejaa mbege ya ukwe, pombe yetu ya kuposea. Alichemsha ndizi mbivu, akaziacha zichache siku kadhaa, na jana yake akachanganya ulezi. Kwetu Wachagga, mbege ya kuombea mchumba haionjwi na mtu kabla ya wakwe. Anayeionja amewatukana.

Saa nne tulikuwa wachache. Saa sita uwanja ulijaa. Waliotumwa maji waliacha ndoo njiani, waliotumwa chumvi waliisahau dukani. Vumbi, jasho, harufu ya ndizi zinazoungua kwa sababu hakuna anayezigeuza. Ng'ombe wetu alikata kamba akaenda kula mahindi ya jirani. Migomba miwili ikalala chini na mikungu yake michanga. Na mimi, niliyeogopa hata kusoma kwa sauti, nilicheza katikati ya duara mpaka ndala ikakatika, na watu wakawa wanaita jina langu. Furaha kama ile sijaipata tena.

Kisha kata ya kwanza ya mbege ikatoka jikoni, na nyingine, na nyingine.

Jioni baba alirudi na mbuzi, akaligonga pipa. Likalia kama ngoma.

"Nani alifungua?"

Nikapokea kamba ya mbuzi. Hakunipiga. Alikaa juu ya kinu, akasema, "Disko lako limemnyima kaka yako mke."

Jumapili tulisemwa kanisani bila kutajwa, lakini shingo zote ziligeukia benchi letu. Ukweni wakatuma habari: hawapokei mbuzi wala mbege mpya mpaka ajulikane aliyechota kwanza. Baba akakata jani la isale, lile tunalopeleka kuomba msamaha, akaniwekea mkononi. Mwenye sherehe ni mimi, wa kwenda ni mimi.

Bibi yake mchumba alikuwa kwenye kigoda, anamenya ndizi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe Disko?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nani alichota kata ya kwanza? Mtaje, uende zako nyumbani."

Nikatazama vidole vyangu. Halafu nikamtazama usoni.

"Ni nyumbani kwetu, Bibi, na walikuwa wageni wangu. Naomba msamaha wa mbege. Wa kucheza siombi."

"Jamani!" akaguna shangazi mtu mlangoni. "Kumbe kana ulimi!"

Bibi aliweka kisu chini. Kisha akafuta mikono, akapokea jani.

"Isale hairudishwi," alisema. "Na nyumba inayojua kufunga mdomo, tutaipa binti."

Aliyechota alikuwa Elia mwenyewe. Aliingia jikoni akicheka, akatoka na kata, akawaambia wenzake waonje utamu wa harusi yake. Ningemtaja, uchumba ungekufa palepale. Basi jina la Disko nikalibeba mimi, sokoni, kisimani, kanisani. Kuna kijana alikatazwa na mama yake kunichumbia kwa sababu ya jina hilo. Krismasi iliyopita Elia alimwambia mkewe ukweli, mbele ya watoto. Wifi alicheka mpaka akaweka sahani chini. Ndiyo maana sasa naandika.

Vijana wa leo nawaona kwenye sherehe zao. Wamesimama, kila mmoja na simu, wanawarekodi wenzao ambao nao wamesimama. Mambo yakiharibika, kabla hujafika nyumbani kila mtu ameshatajwa, na sura yake ipo. Sisi hatuna hata picha moja ya Jumamosi ile. Tulikuwa na jani la isale, na mtu wa kulibeba.

Basi niiteni Disko. Wiki ijayo mtoto wa kwanza wa Elia anapata kipaimara. Mbege imeshachanganywa, na mama, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, amesema ufunguo wa jikoni nikae nao mimi. Nitaufunga kiunoni. Sabufa ikilia, nitaingia nao katikati ya duara.